Raketi ya kichwa chepesi, mkono mzito: jibu kwa msomaji wa Arusha

Swali:

"Shikamoo mwalimu. Nina miaka 34, nacheza tenisi hapa Arusha mara mbili kwa wiki, huu ni mwaka wa tatu. Nilianza na raketi ya kurithi: fremu ya gramu 255, kichwa kikubwa cha inchi za mraba 110, balansi (umbali wa kutoka kitako cha mpini hadi mahali raketi inapotulia sawa) imeandikwa 355 mm. Mwezi uliopita nimenunua ya mtumba: gramu 305, inchi za mraba 98, balansi 310 mm. Mwenzangu ndiye aliyenishauri, anasema raketi ya mchezaji ni ya kichwa chepesi. Nimeifunga nyuzi za poliesta, kilo 27. Siku ya kununua nilizishika zote mbili, moja kila mkono, sikuona tofauti. Lakini uwanjani mipira yangu inaangukia katikati ya uwanja, na kwenye sevu, pigo la kuanzisha, nachelewa. Nimeipima balansi nyumbani nikapata sentimita 32, siyo 31. Je, nimeuziwa feki? Na je, nibandike utepe wa risasi, yale madini mazito, kwenye kichwa cha raketi ili irudi kama ile ya zamani? Halafu binti yangu wa miaka 9 anatumia raketi ya inchi 25, naye nimpimie balansi?"

Jibu:

Marahaba, kijana wangu. Nianze na hilo la feki, maana naona ndilo linalokunyima usingizi. Hapana, kwa kipimo hicho hujaibiwa. Namba zilizochapishwa kwenye fremu ni za raketi ikiwa uchi, haina nyuzi. Ulipofunga nyuzi uliongeza kama gramu 16, na zote ziko kichwani. Kitovu cha uzito wake kiko sentimita 51 hivi ukipima kuanzia kitako cha mpini. Sasa una gramu 305 zilizokaa kwenye sentimita 31, na gramu 16 zilizokaa kwenye 51. Zidisha, jumlisha, gawanya kwa gramu 321: jibu ni 32. Ndicho ulichopima. Nyuzi peke yake husogeza balansi kama sentimita nzima kuelekea kichwani, na hili watu wengi hawalijui, kwa hiyo wanagombana na wauzaji bure.

Hata kama ungepata 31.7 au 32.4 nisingeshtuka. Fremu mbili za aina moja, kutoka kiwanda kimoja, hupishana gramu chache na milimita chache. Ukitaka uhakika wa uzito, wewe uko Arusha: mwombe dalali wa tanzanaiti akupimie kwenye mizani yake, ingawa atakucheka. Mizani ya jikoni ya kidijitali inatosha.

Kwa wasomaji ambao hawajawahi kupima, kazi yenyewe ni ya dakika moja. Weka penseli ya pembe sita mezani (ya duara itabiringika), ilaze raketi juu yake kama mzani, isogeze kidogo kidogo mpaka itulie bila kuinamia upande wowote. Weka alama hapo kwa kalamu, kisha pima kwa futi ya fundi cherehani kutoka kitako hadi kwenye alama. Hiyo ndiyo balansi, basi. Raketi ya kawaida ya mtu mzima ina inchi 27, yaani sentimita 68.6, kwa hiyo nusu yake ni 34.3. Kitovu kikiangukia chini ya hapo, upande wa mkono, raketi inaitwa ya kichwa chepesi. Kikiangukia juu, ni ya kichwa kizito. Watengenezaji na wafunga nyuzi huhesabu tofauti hiyo kwa pointi, na pointi moja ni sehemu ya nane ya inchi, milimita 3.2 hivi. Ukiona herufi HL ni kichwa chepesi, HH ni kichwa kizito.

Raketi yako mpya iko sentimita 2.3 chini ya nusu, yaani pointi 7 za kichwa chepesi. Ile ya kurithi, ukiijumlishia nyuzi zake, inakuwa gramu 271 na balansi ya 36.4: karibu pointi 7 za kichwa kizito. Kwa mujibu wa namba hizo ni mbingu na ardhi. Sasa mbona ulipozishika hukuona tofauti?

Hapa ndipo penye utamu. Mkono haushiki raketi kwenye kitako. Katikati ya kiganja iko kama sentimita 10 juu yake. Kwa hiyo unapoinyoosha raketi mbele yako, kinachokuvuta kiganja kuelekea chini ni uzito wa raketi mara umbali wa kutoka kiganjani hadi kwenye kitovu. Ya zamani: gramu 271 mara sentimita 26.4, unapata kama 7,150. Mpya: gramu 321 mara 22, unapata kama 7,060. Ziko sawasawa! Gramu 50 zilizoongezeka zimefutwa na sentimita 4 zilizopungua. Mkono wako haukukudanganya siku ile. Ulikujibu swali la kushika, nawe ulikuwa unataka kujua la kuzungusha. Hayo ni maswali mawili.

Nina mchezo ninaoupenda kibarazani kwangu, mahali ninapofungia nyuzi. Mteja akija na kauli ya "nataka raketi nyepesi", namfumba macho kwa kitambaa, nampa raketi mbili, moja baada ya nyingine. Kwanza nasema nyoosha mkono, shikilia. Anachagua moja kuwa nyepesi. Kisha nasema sasa zungusha kama unapiga fohendi, pigo la upande wa mkono wako, taratibu, mara tano kila moja. Mara nyingi anabadili jawabu. Mzee mmoja alibadili mara tatu, mwisho akavua kitambaa kwa hasira akidhani nimembadilishia raketi. Sikuwa nimembadilishia kitu.

Sababu ni hii. Kitu kinapozungushwa, umbali wa kila gramu kutoka mkononi hauhesabiwi mara moja, unahesabiwa mara mbili: umbali mara umbali. Gramu iliyo mbali mara mbili zaidi inakuwa ngumu kuzungusha mara nne zaidi. Chukua nyundo ya fundi, ishike mwisho wa mpini uizungushe. Kisha igeuze, shika chuma chenyewe, uzungushe mpini. Mizani haitaona tofauti yoyote, lakini kifundo cha mkono kinaiona mara moja. Kipimo cha ugumu huo kwenye tenisi mimi nakiita uzito wa mzungusho. Hupimwa kwa mashine ambayo egemeo lake liko sentimita 10 kutoka kitako, pale pale penye kiganja, na raketi nyingi za watu wazima zikiwa na nyuzi huangukia kati ya 280 na 340. Kizio chake ni kilo mara sentimita za mraba, lakini hakuna anayekitaja. Watu husema tu "yangu ni 320".

Balansi ni kitu kimoja na uzito wa mzungusho ni kitu kingine, na kosa la mwenzako aliyekushauri (msalimie, simlaumu, kosa hili nimelifanya miaka mingi) ni kudhani balansi inakuambia jinsi raketi itakavyozunguka. Haikuambii. Angalia raketi yako hiyo hiyo katika majaribio mawili.

Jaribio la kwanza: fungua kizibo cha kitako, tia gramu 10 za plastisini ndani ya mpini, funga. Balansi itashuka kutoka 32 hadi 31, pointi 3 nzima. Mtu akisoma namba atasema umeipata raketi ya kichwa chepesi kwelikweli, ya kuzunguka kama upepo. Uzito wa mzungusho umebadilika kiasi gani? Umeongezeka kwa 1. Moja tu. Raketi haijawa nyepesi kuzungusha hata chembe, imekuwa nzito zaidi kwa gramu 10 na unabeba mzigo mkononi.

Jaribio la pili: toa plastisini, bandika gramu 2 za utepe wa risasi kwenye ncha ya juu kabisa ya kichwa. Balansi itapanda milimita 2, hata pointi moja haifiki. Kwa penseli yako mezani huenda usiione. Lakini uzito wa mzungusho umepanda kwa 6 na nusu, na mchezaji mzoefu atalihisi hilo kabla ya mpira wa kumi. Gramu 10 zilizogeuza balansi hazikugusa mzungusho, na gramu 2 zilizogusa mzungusho hazikuonekana kwenye balansi. Ukilielewa hili, nusu ya matangazo ya raketi hayatakubabaisha tena.

Ovagripu, ule utepe laini wa kufunikia mpini, nayo iko kwenye kundi la plastisini. Ina gramu 5 hivi, inazungushwa kwenye mpini, inashusha balansi kama pointi moja, na haifanyi chochote kwenye mzungusho. Kwa hiyo usipime leo na ovagripu, kesho bila ovagripu, halafu ukaniandikia kwamba raketi imebadilika tabia.

Kwa nini basi watengenezaji wanaihangaikia balansi? Kwa sababu ya historia ya uzito. Enzi za mbao raketi ilikuwa na gramu 370 hadi 400, na uzito huo ulienea kila mahali. Ukiuonyesha mpira uso wa raketi, kulikuwa na nyama ya kutosha nyuma yake. Zilipokuja fremu za grafiti, ikawezekana kutengeneza raketi nyepesi sana, na hapo likatokea tatizo: ukipunguza uzito kila mahali, mpira unaisukuma raketi badala ya raketi kuusukuma mpira. Dawa ikawa kupunguza uzito kwenye mpini na kuubakiza kichwani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Wilson waliuza raketi za namna hiyo kwa jina la Hammer, Nyundo, na jina lilikuwa la haki. Kampuni ya Head nao wakatoa Ti.S6, fremu ya gramu 225 yenye kichwa cha inchi za mraba 115, uzito umeelemea mbele. Ukiwaona wazee wa klabu wanaocheza dabo wakiwa na raketi inayoonekana kama kikaango, huenda ndiyo hiyo, au ndugu yake. Wanaipenda kwa sababu ukiigusisha tu mpira unakwenda.

Kwa hiyo kichwa kizito ni njia ya kuifanya raketi nyepesi ipige kama nzito. Na kichwa chepesi ni njia ya kuifanya raketi nzito izungushike. Kila moja ni fidia ya uzito wake, ndiyo maana balansi bila uzito ni kama kuambiwa bei bila kuambiwa sarafu. Bingwa Roger Federer alipohamia raketi ya inchi za mraba 97 mwaka 2014, ile iliyouzwa kwa herufi za jina lake, RF97, fremu ilikuwa na gramu 340 na balansi ya milimita 305. Kichwa chepesi hasa. Lakini ukiifunga nyuzi, uzito wa mzungusho wake unapita 330. Nimewaona vijana wenye nguvu wakiinunua kwa kusikia "kichwa chepesi", wakamaliza seti moja na bega linawaka. Linganisha na Babolat Pure Drive ya kawaida, gramu 300 na milimita 320: ikiwa na nyuzi inakaa kwenye 33, pointi 4 za kichwa chepesi, na ndiyo aina ya raketi ambayo watu wengi wa ngazi yako wanaimudu. Ya Federer ina "kichwa chepesi" zaidi, na bado kuizungusha ndiko kugumu zaidi.

Rod Cross, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Sydney aliyeshughulika sana na mambo ya raketi, aliwahi kuwapima watu wakizungusha fimbo zilizotofautiana. Uzito wa mzungusho ulipoongezeka, kasi ilipungua. Uzito wa mzungusho ulipobaki pale pale, kuongeza uzito wa jumla hakukubadilisha kasi kwa kiasi cha kutajwa. Hilo linakubaliana na ninachokiona kibarazani.

Sasa raketi zako mbili. Sina mashine ya kuzipima kwa mbali, lakini fremu za maumbo hayo, zikiwa na nyuzi, kwa kawaida zote mbili zinaangukia jirani ya 320. Ukiniambia moja ni 315 na nyingine 325 nitakubali; ukiniambia moja ni 290, nitakuomba upime tena. Yaani katika kuzungusha, ile ya kichwa kizito na hii ya kichwa chepesi huenda hazipishani sana. Kinachopishana ni uzito wa jumla na mahali ulipolala, na hilo utalihisi katika mambo matatu tofauti.

La kwanza ni voli, kuupiga mpira kabla haujadunda. Ukisimama karibu na wavu na mpira ukakujia mwilini, huzungushi, unaisogeza raketi nzima kutoka upande mmoja hadi mwingine na kuisimamisha ghafla. Raketi ambayo uzito wake uko karibu na mkono inasimama mahali unapotaka. Ya kichwa kizito inapitiliza, kichwa kinalegea nyuma, mpira unapanda juu kama embe bichi lililorushiwa jiwe. Kwa voli nitakuwa upande wa mwenzako siku zote.

La pili ni mtikisiko. Mpira unapogonga, raketi inarudishwa nyuma, na sehemu ya mshtuko inafika mkononi. Mpini wenye uzito unakaa imara zaidi. Raketi nyepesi sana yenye kichwa kizito na fremu ngumu ina mpini usio na kitu, na mpira usiogonga katikati ya nyuzi unauyumbisha mkono. Nimekutana na viwiko vingi vibovu, na wenye viwiko hivyo wengi walikuwa wamekimbilia raketi nyepesi wakidhani wanajihurumia. Simaanishi kuwa kila mtu abebe chuma. Namaanisha usichague gramu 255 kwa ajili ya kiwiko.

La tatu ndilo linalokusumbua: mwanzo wa mzungusho. Fohendi na sevu hazianzi kwa kifundo, zinaanzia miguuni, kiunoni, begani, na mkono mzima unaibeba raketi kabla kichwa hakijaanza kuzunguka. Katika sehemu hiyo ya mwanzo uzito wa jumla ndio unaobebwa, na wewe umeongeza gramu 50. Miaka mitatu mkono wako ulizoea kuanza kuchelewa, kwa sababu raketi ya gramu 271 inasamehe: unaivuta kwa kifundo dakika ya mwisho na kichwa chake kizito kinamaliza kazi. Hii mpya haikubali. Inataka uanze mapema, bega ligeuke mpira ungali upande wa pili wa wavu. Kuchelewa kwako kwenye sevu hakutokani na balansi. Kunatokana na saa ya mwili ambayo bado inahesabu raketi ya zamani. Wiki tatu hadi nne, kama unacheza mara mbili tu kwa wiki, ndizo ninazompa mtu kabla sijamsikiliza malalamiko.

Na mipira kuangukia katikati ya uwanja? Hapa, samahani, nilipofika kwenye "kilo 27" niliweka miwani chini. Poliesta ni uzi mgumu. Ukiufunga kwa kilo 27 kwenye kichwa cha inchi za mraba 98 umetengeneza ubao. Ulikuwa umetoka kwenye kichwa cha 110, nyuzi ndefu, zenye kubonyea, zinazourudisha mpira kama godoro la chemchemi. Umebadilisha vitu vinne kwa siku moja, uzito, balansi, ukubwa wa kichwa na nyuzi, kisha unamfunga balansi pingu peke yake. Mimi ningeanza na nyuzi. Kata hizo, weka nyuzi laini zaidi, au kama poliesta umeipenda, ifunge kilo 22 au 23. Mipira itaongezeka urefu bila kubandika gramu hata moja. Na usihofu kwamba itapitiliza mstari: kwanza jaribu, halafu ndipo uhofu.

Hofu hiyo kwa Arusha ina msingi wake, nakiri. Mji wenu uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, mpira unasafiri mbali kuliko Tanga au Dar es Salaam. Kanuni za tenisi zenyewe zinaruhusu aina maalumu ya mipira kwa viwanja vilivyo juu ya mita 1,219. Ukizoea raketi huko, ukashuka pwani kucheza mashindano, siku ya kwanza utadhani mipira imelowa. Hilo linanifanya niseme polepole juu ya jambo la risasi, maana huko kwenu nguvu ya ziada ni ya kutumia kwa kipimo.

Tuje kwenye risasi yenyewe. Jibu fupi: bado. Baada ya nyuzi mpya na wiki hizo nne, kama unaona kichwa kinayumba mpira ukigonga pembeni, bandika gramu 1 upande wa kulia wa kichwa na gramu 1 upande wa kushoto, mahali kichwa kilipo kipana zaidi. Hizo zinapandisha mzungusho kwa 3 au 4, na faida yake kubwa ni kwamba raketi inakataa kupinda mkononi mpira ukikosa katikati. Ncha ya juu iache mpaka mwisho, kwa sababu huko ndiko gramu inakolipwa ghali zaidi. Inaripotiwa kwamba bingwa Rafael Nadal alianza mwaka 2012 akiwa ameongeza gramu 3 kichwani. Piga hesabu ile ile, kwenye ncha ya juu gramu 3 ni karibu 10 za mzungusho. Alifika nazo fainali ya mashindano ya wazi ya Australia, akacheza saa 5 na dakika 53 dhidi ya Novak Djokovic, akashindwa. Ikiwa Nadal, kwa mkono ule, aliongeza gramu 3 tu, mimi na wewe tusianze na 8.

Mimi nilianza na 10. Nilikuwa kijana, nimepata utepe wangu wa kwanza, nikabandika wote kwenye ncha ya juu kwa sababu ulikuwepo. Jioni ya kwanza nilipiga sevu ambazo sijapiga tena maishani. Jioni ya pili sikuweza kufungua mlango kwa mkono wa kulia.

Na jambo moja la lugha ambalo limewahi kuniponza. Maelekezo ya utepe huandikwa kwa kufananisha kichwa cha raketi na uso wa saa: bandika kwenye 12, bandika kwenye 3 na 9. Kijana mmoja akasoma "saa 12", akafikiria saa kumi na mbili ya kwetu, ya magharibi jua linapozama, mshale mkubwa uko juu na mdogo uko kwenye 6. Akafuata mshale mdogo. Akabandika gramu 2 chini ya kichwa, kwenye koo la raketi. Akaja kunilalamikia kwamba risasi niliyomuuzia haifanyi kazi, na alikuwa na haki, maana pale kwenye koo gramu 2 zinaongeza kama 1 tu ya mzungusho. Ya 12 ya maelekezo ni saa sita kamili ya kwetu, juu kabisa. Ya 3 na ya 9 hazina shida, kwani ukizigeuza zinabadilishana upande, na pande zote mbili unabandika.

Ukishika risasi nawa mikono kabla ya kula, na usiibandike mahali inapoweza kuguswa na mtoto. Funika juu yake kwa utepe wa kawaida. Kuna utepe wa tangsteni ambao hauna sumu ya risasi, ila bei yake imesimama juu.

Kama baada ya yote hayo mkono bado unaona raketi ni nzito kuianzisha, usihangaike kupunguza, kwa sababu kwenye fremu hakuna cha kupunguza. Mtafute mwenye raketi ya gramu 285 au 295, balansi ya milimita 315 au 320, mwombe mbadilishane kwa wiki moja. Umeruka kutoka 255 hadi 305 ukapita juu ya ngazi nzima ambayo watu wengi hukaa humo miaka. Si dhambi kurudi ngazi moja.

Sasa binti. Mpimie, lakini si kwa namba zako. Raketi yake ya inchi 25 ina sentimita 63.5, kwa hiyo nusu yake ni 31.75. Balansi ya 31 kwenye fremu yako ni kichwa chepesi sana. Kwenye yake ni karibu katikati. Na usishawishike kumpa ile yako ya kurithi eti kwa kuwa ni gramu 255 tu na yake ni karibu na hapo. Sasa unajua kwa nini: ya kwako ni ndefu zaidi kwa sentimita 5, imelemea kichwani, na umbali unahesabiwa mara mbili. Kwenye mizani zitakaribiana. Kwenye kifundo chake cha miaka 9 itakuwa kama amepewa shoka. Mwache na ya inchi 25 mpaka mpini uanze kuonekana mdogo mkononi mwake, kisha mletee ya inchi 26, na ukija Dar njoo nazo zote tatu kibarazani. Kitambaa cha macho ninacho.